Nchi Jirani: Watu Wanaporudi Msituni kwa Miguu na kwa Nyimbo



Katika mazungumzo haya kuhusu nchi jirani tumezoea kusema juu ya mipaka, biashara, uchaguzi na wakimbizi. Leo tunalo jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana dogo, pengine hata la mchezo. Ni jinsi majirani zetu wa Kenya, Uganda na Rwanda walivyotumia matembezi ya pamoja na kazi za sanaa, yaani nyimbo, ngoma, masimulizi na uundaji wa vyombo, ili kuwarudisha wananchi katika mazingira ambayo walikuwa wametengana nayo.

Askari atauliza: nyimbo na matembezi ya raia yanamhusu nini mtu aliyekula kiapo cha ulinzi? Yanamhusu sana. Popote pale wananchi wanapotengana na msitu wao, mto wao au pwani yao, anayetumwa kusimama katikati ni mtu mwenye sare na bunduki. Ndiye anayekamata magunia ya mkaa, ndiye anayeondoa mifugo hifadhini, ndiye anayeamshwa usiku kwenda kuamua vijiji viwili vinavyopigania kisima. Na kukipambazuka, ndiye anayelaumiwa na pande zote mbili.

Kutengana huko hutokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya amri. Serikali, iwe ya kikoloni au ya wananchi wenyewe, huchora mstari katika ramani na kuweka mawe ya mpaka, na kesho yake mtu aliyekuwa akichuma dawa humo huitwa mhalifu. Njia ya pili ni ya kimyakimya, nayo haina tarehe. Mji hukua, mto ukafunikwa kwa zege, watoto wakazaliwa wasijue maji ya bomba yatoka wapi, na baada ya kizazi kimoja mto ule huwa hauna jina tena isipokuwa mtaro. Hakuna anayeona uchungu mtaro ukijazwa taka. Njia hizi mbili zinahitaji tiba tofauti, na hapo ndipo majirani zetu wanapotupa mifano ya kutazama.

Tuanze na Kenya. Kaskazini mwa jiji la Nairobi uko msitu uitwao Karura, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, uliotangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Ndani yake mnapita mito midogo, mna maporomoko ya maji, na mna mapango ambayo husimuliwa kwamba yaliwaficha wapiganaji wa Mau Mau. Kwa jiji la mamilioni ya watu, msitu kama huo ni pafu. Kwa mtu mwenye tamaa ya viwanja, msitu huo huo ni fedha iliyolala.

Mwaka 1998 ikabainika kwamba sehemu za Karura zilikuwa zimegawiwa watu binafsi kwa siri, na kazi ya ujenzi ilikuwa imeanza. Profesa Wangari Maathai, mwanamke aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akawaongoza wenzake kwenda msituni. Hawakubeba silaha. Walibeba miche, majembe na makopo ya kumwagilia maji. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo ulipo utaratibu wenyewe wa jambo tunalolieleza. Maandamano ya kawaida hudai kitu kwa sauti mbele ya ofisi ya mkubwa. Matembezi haya yalikwenda mahali penyewe panapogombaniwa, na yakafanya pale ile kazi ambayo mwenye mali huifanya. Apandaye mti anasema, bila ya hotuba, kwamba hapa ni petu na kwamba anatazamia wajukuu wake wawepo hapa.

Tarehe 8 Januari 1999 kikundi hicho, ambacho ndani yake walikuwamo wabunge na waandishi wa habari, kilishambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Maathai akapasuliwa kichwa. Kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alikwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, na alipotakiwa atie sahihi aliitia kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Hatulitaji hili mbele ya wasikilizaji wa Jeshi la Polisi kwa nia ya kumsimanga jirani. Tunalitaja kwa sababu kila mkuu wa kituo anaweza siku moja kujikuta mbele ya kundi la raia waliobeba miche, na itampasa aamue upesi nani kati ya waliopo anavunja sheria. Pale Karura, aliyekuwa na karatasi ya kiwanja na aliyekuwa na mche mkononi wote walidai haki. Historia ilimhukumu yupi ni jambo linalojulikana. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, habari ikasambaa duniani, na tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na kufikia wakati huo chama chake kilikuwa kimepanda miti zaidi ya milioni 30.

Lakini habari ya Karura isingetufaa sana kama ingeishia kwenye ushindi huo. Kilichofuata ndicho chenye mafunzo zaidi kwa mtu wa ulinzi. Msitu uliokolewa, kisha ukabaki mtupu. Watu wa Nairobi waliupigania kama jambo la haki, ila hawakuwa na mazoea ya kuingia ndani yake. Waliouzoea walikuwa wanyang'anyi na wakata miti, na jina lake likawa la kutisha, mahali ambapo maiti hutupwa. Mzazi mwenye akili hakumruhusu mtoto wake kukatiza huko. Ilikuwa hifadhi katika ramani, na maficho katika maisha.

Mabadiliko yalikuja kwa sheria na kwa miguu. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi kuunda vyama vya kushirikiana na serikali katika kusimamia misitu. Wakazi wa jirani na Karura wakaunda chama chao, kijulikanacho kwa jina la Friends of Karura Forest, wakafanya kazi bega kwa bega na idara ya serikali ya misitu. Uzio ukajengwa. Walinzi wakaajiriwa, wakiwamo vijana wa makazi duni ya Huruma yaliyo ukingoni mwa msitu, ambao wanaifahamu kila njia ya panya iliyomo. Kisha zikafunguliwa njia za kutembelea kwa miguu na baiskeli, ambazo kwa jumla zimezidi kilometa 50, na watu wakaalikwa waingie. Wakaja wachache, wakaja wengi, wakaja na watoto. Miti ya kigeni, kama mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya kuni na mbao, ikaanza kupisha miti ya asili katika baadhi ya sehemu, na mbega weusi kwa weupe wakaletwa kutoka Nyandarua na kuachiwa humo.

Sasa msikilizaji wa kijeshi na autazame uwanja huu kwa jicho lake la kazi. Kulinda hekta 1,000 za vichaka kwa doria peke yake kunataka vikosi, magari na mafuta, na hata hivyo mwizi hungoja doria ipite. Lakini mahali ambapo raia mia kadhaa wanatembea kila asubuhi, wakipita njia zile zile na kujuana kwa sura, kila mgeni mwenye panga huonekana mara moja. Hapa kwetu tunao msamiati wa jambo hilo, tunaliita ulinzi shirikishi na polisi jamii. Tofauti ni kwamba pale Karura raia hawakuitwa kulinda. Waliitwa kutembea, na ulinzi ukaja nyuma yao kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Tusiipambe picha hiyo kupita kiasi. Kuingia Karura kunalipiwa, na mtu wa Huruma akihesabu bei ya unga hawezi kuiona ada hiyo kuwa ndogo. Mwaka 2025 ukazuka mvutano juu ya nani akusanye ada hizo na fedha ziingie mfuko gani, na shauri likafika mahakamani. Kwa maoni ya mtangazaji wenu, mvutano huo ni dalili ya uhai. Msitu ambao watu hawaujali hakuna anayegombania hesabu zake.

Hapa kwetu matembezi ya namna hii si mageni. Wazee watakumbuka Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipotembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya maili zaidi ya 130, akipita vijijini na kulala njiani. Wako waliosema Rais anapoteza wakati ilhali ndege ipo. Lakini anayepita angani huona mapaa ya nyumba, naye anayepita kwa miguu huliona shamba lililoliwa na ndege, kisima kilichokauka, na daraja ambalo mkuu wa wilaya aliandika kwamba limekwisha kujengwa. Askari wa miguu anaelewa vyema. Hakuna ramani inayomfundisha mtu ardhi kama matembezi ya usiku na begi mgongoni.

Turudi Kenya, safari hii kaskazini, katika nchi kavu ya Samburu na Isiolo. Huko unapita mto Ewaso Nyiro, ambao maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukashuka kupitia Laikipia, kisha ukaelekea mashariki hadi kinamasi cha Lorian, ambako siku hizi mara nyingi haufiki. Juu wako wakulima wenye pampu na mashamba ya umwagiliaji. Chini wako wafugaji wa makabila mbalimbali wanaongoja maji yaliyobaki. Wa chini hamjui wa juu, na wa juu hamfikirii wa chini. Mto ukikauka, mfugaji humtazama mfugaji mwenzake wa kabila jingine aliye karibu naye, bunduki zikasikika, na vikosi vya polisi vikapakiwa malori.

Tangu mwaka 2013 umekuwapo msafara wa ngamia wa kutembea kandokando ya mto huo kwa siku kadhaa. Hutembea wazee, wanawake na vijana wa jamii tofauti, ngamia wakibeba mizigo, na kila wanapotua jioni hufanyika baraza, nyimbo na ngoma, kila jamii kwa mila yake. Msafara huo umetumika kueleza habari za ukame, za mabadiliko ya hali ya hewa, na za hofu ya watu wa chini juu ya mabwawa makubwa yanayofikiriwa kujengwa juu yao. Faida yake mtu yeyote aliyewahi kupatanisha wagomvi ataitambua. Mkutano wa amani unaofanyika hotelini huwakutanisha viongozi, na kila mmoja huja na hotuba yake mfukoni. Msafara huwachosha watu pamoja. Mtu aliyekunywa maji ya kiriba kimoja na mwenzake kwa siku tano, wote wawili wakiona kwa macho jinsi mto unavyopungua hatua kwa hatua, hawezi tena kusema kwamba maji yameibwa na yule. Bila shaka msafara mmoja kwa mwaka hauondoi bunduki zilizofichwa mabomani. Tusitarajie hivyo. Lakini unampa mkuu wa polisi majina ya watu wa pande zote ambao anaweza kuwaita kabla ya risasi ya kwanza.

Tumesema kuhusu miguu. Sasa tuseme kuhusu mikono. Kisiwani Lamu, ambako ufundi wa majahazi ni wa karne nyingi, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi ambalo halikutumia ubao hata mmoja. Mbao zake, mkuku wake na mataruma yake vilitengenezwa kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na mitaani, ikayeyushwa na kumiminwa, kisha ikachongwa kwa tezo kama mti wa kawaida. Ubavuni likafunikwa kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000 za rangi zote, zilizookotwa pwani. Jahazi hilo, liitwalo Flipflopi, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kilometa zipatazo 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga katika miji ya njiani. Mwaka 2021 chombo chao kilikwenda Ziwa Viktoria, maji yetu sote watatu, Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa nini jahazi, na si tangazo la serikali ukutani? Kwa sababu mtu wa pwani amekwisha kusoma matangazo mengi na kuyazoea. Lakini jahazi analijua. Hujua ubao unavyopindwa, hujua jinsi chombo kinavyoelea, na akiona chombo cha rangi za kandambili kikiingia bandarini huacha shughuli zake akaja kukishika. Akikishika, huuliza. Naye anayeuliza mwenyewe husikiliza jibu kuliko aliyelazimishwa kukaa mkutanoni. Halafu, taka ile ambayo jana ilikuwa kitu cha kukanyagwa, leo ameiona ikiwa mkuku na mataruma. Baada ya hapo kandambili iliyokatika ufukweni humtazama kwa namna nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa katika mambo haya: kumfanya mtu akione tena kitu ambacho mazoea yalikuwa yamemfumba macho asikione.

Sisi tulilitambua hilo zamani. Mathias Mnyampala aliposhika ngonjera akazifanya kuwa njia ya kueleza siasa ya taifa, alikuwa akijua kwamba watoto wawili wakijibizana kwa vina huingia kijijini mahali ambapo waraka hauingii. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, vikundi vya wasikilizaji, nyimbo na vitambaa, na vyoo vikachimbwa. Vikosi vyetu navyo vina bendi na vikundi vya ngoma vinavyojulikana nchi nzima. Mtangazaji wenu amesikia nyimbo nyingi za vikosi hivyo zinazosifu ujasiri, na hajasikia nyingi zinazotaja mto uliopo nyuma ya kambi.

Lakini mfano ulio mzito kuliko yote uko Uganda, na si mfano wa kufurahisha. Kusini magharibi ya nchi hiyo, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana katika milima ya volkano, waliishi Watwa, wawindaji na warina asali wa msituni. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilifanywa hifadhi za taifa ili kuwanusuru sokwe wa milimani, waliokuwa karibu kutoweka. Watwa wakaondolewa. Hawakuwa na hati za ardhi, hawakuwa na mashamba yanayohesabika, na kwa hiyo wengi wao hawakulipwa kitu. Wakawa vibarua na maskwota katika mashamba ya majirani, pembeni ya msitu ambao ndani yake walijua kila mti kwa jina.

Haki itendeke kwa pande zote. Hifadhi zile zilifanya kazi iliyokusudiwa. Sokwe wa milimani sasa wamezidi 1,000, na mwaka 2018 walipandishwa daraja kutoka orodha ya viumbe waliomo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Askari wa wanyamapori wa Uganda, Rwanda na Kongo walilipia ushindi huo, na upande wa Kongo walinzi wengi wameuawa wakiwa kazini. Basi kilichopatikana ni kikubwa. Swali linabaki, kimepatikana kwa gharama ya nani.

Mwaka 2011, katika hifadhi ya Mgahinga, ilifunguliwa njia ya matembezi inayoongozwa na Watwa wenyewe, kwa makubaliano kati ya mamlaka ya wanyamapori ya Uganda na umoja wao wa maendeleo. Wageni hupandishwa katika miteremko ya mlima Muhabura na waongozaji wa Kitwa. Huonyeshwa jinsi moto unavyopekechwa kwa vijiti, jinsi mtego unavyotegwa, mti upi unatibu tumbo na upi nyuki wanaupenda. Huigizwa uwindaji, husimuliwa habari za mababu. Mwisho wa njia ni pango la Garama, lililochimbika chini ya lava kwa mamia ya meta, ambalo zamani lilikuwa ngome na makao ya kiongozi wao. Humo, gizani, wanawake wa Kitwa huimba. Sehemu ya malipo huenda kwa waongozaji na kwa jamii yao.

Mtu aweza kuitazama njia hii kwa macho mawili. Jicho la kwanza linasema: tazameni, mtu aliyefukuzwa nyumbani sasa anarudishwa kwa saa chache aigize maisha yake mbele ya wageni wenye kamera, kisha jioni anatolewa nje ya lango. Hilo ni kweli, wala si vyema kulifunika. Jicho la pili linamtazama kijana wa Kitwa aliyezaliwa baada ya mwaka 1991. Yeye hakupata kulala msituni hata usiku mmoja. Baba yake ana maarifa ya mitishamba na hana mahali pa kuyaonyesha, maana mti haufundishwi kwa maneno peke yake, sharti uushike, uunuse, ujue unaota upande upi wa kilima. Njia ile ndiyo mahali halali ambapo mzee na kijana wanaweza kusimama mbele ya mti huo pamoja. Nyimbo zinazoimbwa pangoni zinaimbwa kwa fedha, naam, lakini zinaimbwa. Na wimbo usioimbwa kabisa kizazi kimoja hauna wa kuufufua. Kwa maoni yetu macho yote mawili yanaona sawasawa, na anayetaka kufumba moja hapati picha kamili.

Watwa wenyewe hawakuridhika na njia ya watalii. Mwaka 2013 walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba ya Uganda. Mnamo Agosti 2021 mahakama hiyo ikakubali kwamba waliondolewa bila fidia ya kutosha na kwamba wameachwa katika unyonge, ikaelekeza zitafutwe hatua za kuwainua. Serikali ikakata rufaa. Kwa hiyo askari wa hifadhi anayekutana na kikundi kile njiani Mgahinga asubuhi anakutana na watu watatu katika mtu mmoja: mwongozaji aliye na kibali, mdai aliye mahakamani, na mtoto wa mtu aliyetolewa humo na askari wa enzi nyingine. Namna atakavyomsalimu ni jambo dogo katika kanuni za kazi, lakini si jambo dogo kwa Mtwa.

Na kuna faida ya kikazi katika salamu hiyo. Mtu anayejua mtego unavyotegwa ndiye anayejua wapi utategwa. Nchini Rwanda, jirani na hifadhi ya Volkano, wako waliokuwa majangili ambao sasa hushiriki katika vijiji vya utamaduni, wakicheza ngoma na kueleza maarifa yao kwa wageni, na tangu mwaka 2005 watoto wa sokwe hupewa majina katika sherehe ya hadhara iitwayo Kwita Izina, yenye ngoma na wacheza intore, kwa kufuata mila ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina mbele ya jamaa. Aliyesikia jina la mtoto wa sokwe likitangazwa mbele ya kijiji kizima atapata shida kuyatazama maiti yake yaliyonaswa mtegoni kama nyama tu. Serikali ya Rwanda nayo haikutegemea ngoma peke yake. Huelekeza sehemu ya mapato ya hifadhi, ambayo sasa ni asilimia 10, kwa jamii zinazoizunguka. Ngoma bila ya zahanati na maji huchosha upesi.

Huko Rwanda pia liko zoezi la Umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambapo raia hutoka kufanya kazi za pamoja, na wanajeshi na polisi hutoka nao. Sisi tunayo Jeshi la Kujenga Taifa na desturi yake ya kupanda miti, kwa hiyo hatuna haja ya kulieleza kwa urefu. Tofauti ya kutazamwa ni moja. Mti uliopandwa na kikosi peke yake, ndani ya uzio, ni mti wa kikosi. Mti uliopandwa na askari na mwanakijiji waliofika mahali pamoja kwa miguu una walezi wawili, na mmoja wao hahamishwi kituo.

Tumalizie na maji yanayotuhusu sisi na Kenya moja kwa moja. Mto Mara unaanzia katika nyanda za juu za Mau, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, kisha unamwaga maji yake Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Tangu mwaka 2012 nchi hizi mbili zimekuwa zikiadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, kwa zamu, mwaka huu upande mmoja na mwaka ujao upande wa pili, kwa kupanda miti, maonyesho na ngoma. Askari wa pande zote hupangiwa kazi siku hiyo: kulinda viongozi, kuongoza magari, kuzuia watoto wasisogelee jukwaa. Ni kazi halali na lazima ifanyike. Ila pengine mwaka mmoja mkuu wa kikosi ataomba vijana wake kumi waachwe huru na zamu, waweke silaha ghalani, waungane na wanakijiji kutembea kandokando ya mto kwa nusu siku, wakiongozwa na mzee anayejua maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko na samaki gani walioacha kuonekana.